Washukiwa wa ugaidi wapelekwe mahakama ya kijeshi? Swali kutoka Amu (Lamu)

Mwana wa Langoni (Amu) ameuliza:

Assalam aleikum, na heshima kwa wakubwa na wadogo wa jukwaa hili. Nina swali ambalo limetugawanya barazani kwetu, na kwa kuwa humu wamo mawakili na watu waliolitumikia jeshi, nimeona nililete kwa utaratibu ili lijibiwe na wenye elimu nalo.

Kila shambulio linapotokea bara yetu, upande wa Hindi, Witu au kandokando ya msitu wa Boni, mjadala hurudi palepale. Wapo wazee wanaoshikilia kwamba tangu maafa ya Mpeketoni ya Juni 2014, ambapo watu zaidi ya 60 waliuawa, mahakama za kawaida hazijatufaa kitu: washukiwa hukamatwa, kesi huahirishwa, mashahidi huingiwa na hofu, na hatimaye mshtakiwa huachiliwa kwa kukosekana ushahidi. Kwa maoni yao, kwa kuwa jeshi ndilo lililokaa msituni tangu operesheni ya Linda Boni ilipoanza mwaka 2015, basi jeshi hilohilo lipewe mahakama ya kuwahukumu wanaokamatwa huko, na hukumu itoke upesi. Hutoa mfano wa Uganda, ambako raia wengi wamesimamishwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya Makindye, Kampala.

Sisi wengine tunaogopa. Mvuvi wa Kizingitini au wa Ndau anayekutwa baharini usiku akiwa na jerikeni za mafuta na simu iliyojaa nambari za watu wa ng'ambo ya mpaka anaweza kuwa mvuvi tu, na anaweza kuwa si mvuvi. Lakini je, atakayeamua ni nani, naye atakuwa chini ya amri ya nani? Mzee mmoja alinijibu kwamba mahakama hizo zilirekebishwa baada ya Katiba mpya na kwamba siku hizi hazitofautiani na mahakama nyingine. Sikuwa na la kumjibu.

Naomba basi nielezwe kama sheria ya Kenya inaruhusu jambo hilo wanalolitaka wazee wetu, na kama ni kweli kwamba hata kwa wanajeshi wenyewe mahakama hizi zimefanyiwa marekebisho ya maana. Nisingependa majibu ya kisiasa.

Wakili wa Malindi amejibu:

Wa aleikum salaam, Mwana wa Langoni. Swali lako ni zuri kwa sababu linaunganisha mambo ambayo watu huyatenganisha: haki ya raia na haki ya askari. Nitaanza na lile la kwanza kwa kuwa jibu lake ni fupi.

Kwa sheria ilivyo leo, hapana. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 169, inaitaja mahakama ya kijeshi miongoni mwa mahakama za chini, pamoja na mahakama za mahakimu na mahakama za Kadhi. Yaani iko chini ya Mahakama Kuu, wala haisimami peke yake mbali na Idara ya Mahakama. Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya ya mwaka 2012, ambayo ndiyo inayoziunda mahakama hizo, imetungwa kwa ajili ya nidhamu ya wanajeshi. Mshukiwa wa ugaidi ambaye ni raia hushtakiwa chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi, nayo pia ni ya mwaka 2012, mbele ya hakimu au jaji wa kawaida. Hata kama Bunge lingetaka kubadilisha hayo kesho asubuhi, lingegonga mwamba wa Kifungu cha 25, kinachosema kwamba haki ya kusikilizwa kwa kesi kwa usawa haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile. Kifungu cha 24 kinaruhusu baadhi ya haki za askari zipunguzwe, kama vile faragha, kujiunga na vyama, kuandamana na hata haki za mtu aliyekamatwa, lakini haki ya kesi ya usawa haimo katika orodha hiyo. Askari anaweza kukatazwa kugoma. Kuhukumiwa na mtu asiye huru hakuwezi kuhalalishwa.

Sasa mfano wa Uganda, ambao wazee wetu huutaja bila kuumalizia. Sheria ya jeshi la Uganda ya mwaka 2005, katika kifungu cha 119, ilimruhusu raia kupelekwa mahakama ya kijeshi akishirikiana na askari katika kosa, au akikutwa na silaha ambazo kwa kawaida ni za jeshi peke yake. Michael Kabaziguruka, aliyekuwa mbunge wa Nakawa, alikamatwa mwaka 2016 na kufikishwa huko. Akaenda Mahakama ya Katiba, ikaamua mwaka 2021 kwamba raia hawapaswi kuhukumiwa na mahakama hizo. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda, Jaji Mkuu Alfonse Owiny-Dollo akiwa mmoja wa majaji, iliafiki na kuamuru kesi za raia zihamishiwe mahakama za kawaida. Wakati huo Dkt. Kizza Besigye, aliyekamatwa hapahapa Nairobi Novemba 2024 na siku chache baadaye akaonekana Makindye, alikuwa miongoni mwa washtakiwa hao. Mwezi uliofuata hukumu hiyo alishtakiwa uhaini katika mahakama ya kiraia.

Sababu walizozitoa majaji ndizo ninazoomba uzipeleke barazani. Hawakusema kwamba maafisa wa jeshi ni watu wabaya. Walitazama jinsi mahakama ile ilivyoundwa: mwenyekiti na wajumbe wake huteuliwa na uongozi wa juu wa jeshi, kwa kipindi cha mwaka mmoja kinachoweza kuongezwa. Mtu ambaye kazi yake ya mwakani iko mkononi mwa mkuu wake hawezi kumwachilia kwa moyo mkunjufu yule ambaye mkuu huyo amekwisha kumtangaza kuwa adui. Na ona kilichofuata: tarehe 20 Mei 2025 Bunge la Uganda lilipitisha sheria mpya inayowarudisha raia mbele ya mahakama za kijeshi katika mazingira yanayoelezwa kuwa ya kipekee, naye Rais Museveni akaitia saini mwezi Juni. Marekebisho, basi, yanaweza kwenda mbele na yanaweza kurudi nyuma, na mara nyingi hurudi nyuma kwa kutumia maneno yaleyale ya usalama yanayosikika barazani kwenu.

Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikwisha kulisema jambo hili mwaka 2003 katika miongozo yake kuhusu kesi za usawa: kazi ya mahakama ya kijeshi ni makosa ya kijeshi yanayofanywa na wanajeshi, na raia asiguswe nayo kwa hali yoyote.

Kuhusu marekebisho ya hapa kwetu, nitasema kwamba yamefika katikati ya safari. Sheria ya zamani, ya mwaka 1968, ilirithi mtindo wa Waingereza ambao kamanda huyohuyo anayeitisha mahakama ndiye anayewateua wajumbe wake. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, mamia ya askari wa Jeshi la Anga walipitishwa katika mahakama za namna hiyo, na hata kamanda wao, Meja Jenerali Peter Kariuki, alifungwa miaka 4 kwa hukumu ya mwaka 1983. Miaka mingi baadaye mahakama zetu zilikiri kwamba haki zake zilivunjwa na kuamuru alipwe fidia. Waingereza wenyewe walilazimika kuuacha mtindo huo. Mwaka 1997 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika kesi ya sajini aitwaye Findlay, ilisema kwamba haifai afisa mmoja kuamua mashtaka, kuwateua wajumbe walio chini ya amri yake, kisha kuithibitisha hukumu yeye mwenyewe.

Sheria yetu ya 2012 ilichukua sehemu ya somo hilo. Kikao huongozwa na mwanasheria anayeteuliwa na Jaji Mkuu kutoka miongoni mwa mahakimu au mawakili wenye uzoefu, si na kamanda. Pamoja naye huketi wajumbe wa kijeshi wasiopungua 5 ikiwa mshtakiwa ni afisa, au wasiopungua 3 ikiwa ni askari wa cheo cha chini. Kazi ya kuandaa vikao imetengewa msimamizi maalumu, na aliyehukumiwa anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu. Hayo si madogo.

Lakini mwendesha mashtaka amebaki ndani. Kifungu cha 157 cha Katiba kinampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma mamlaka ya kumshtaki mtu yeyote mbele ya mahakama yoyote, isipokuwa mahakama ya kijeshi. Huko mashtaka yako mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Kijeshi. Kwa hiyo tumemleta mwamuzi kutoka nje, ila anayeamua kipi kifike mbele ya mwamuzi huyo angali ni wa ndani. Kwangu mimi hilo ndilo pengo kubwa kuliko mengine yote, na ndilo linalozungumzwa kidogo kuliko yote.

Baharia Mstaafu (Mokowe) amejibu:

Wakili, nakushukuru kwa maelezo, na sehemu kubwa nakubaliana nayo. Nimelitumikia Jeshi la Wanamaji hadi kustaafu, na sitataja kikosi wala kambi. Naomba niseme kwa niaba ya upande ambao hausemi sana humu.

Kwanza, watu wa nje hudhani kwamba haki ya kijeshi ni ile mahakama yenye meza ndefu na maafisa waliovaa sare za sherehe. Askari wengi humaliza utumishi wao bila kuiona. Maisha ya kila siku ya askari huamuliwa mbele ya kamanda wa kikosi: umechelewa kurudi likizoni, umejibu vibaya, umelala lindoni, unachajiwa, unasimama wima, unasomewa kosa, unaulizwa una la kusema, na baada ya dakika chache umekwisha kujua kama ni seli, kukatwa mshahara au kuteremshwa cheo. Hakuna wakili pale. Anayesikiliza ndiye aliyekuandikia ripoti ya utendaji mwaka uliopita na ndiye atakayeandika ya mwaka huu. Ikiwa kuna mtu anataka kurekebisha haki za askari wa kawaida, aanzie hapo, maana ile mahakama kubwa inayoandikwa magazetini huwafikia wachache.

Pili, sikubaliani kwamba kamanda aondolewe kabisa. Chombo kikiwa baharini, au kikosi kikiwa ng'ambo ya mpaka, kamanda anabeba roho za watu. Askari aliyetoroka lindo akasababisha wenzake kuuawa si sawa na karani aliyekosa kufika ofisini. Nidhamu inayongoja faili lisafiri hadi Nairobi na kurudi si nidhamu. Shambulio dhidi ya kambi ya kijeshi ya Manda la tarehe 5 Januari 2020, lililowaua Wamarekani 3, lilitukumbusha sote ambao tumewahi kulinda usiku kwamba uzembe wa mtu mmoja una bei.

Hata hivyo nitakupa mfano unaokuunga mkono, kwa kuwa haki ni haki. Mwaka 2014 mahakama ya kijeshi iliyoketi Mombasa iliwahukumu kifungo cha maisha wanamaji zaidi ya 20 kwa kosa la utoro jeshini, baada ya kuondoka kwenda kufanya kazi ng'ambo. Utoro ni kosa, na mimi sitautetea. Lakini kifungo cha maisha, kwa watu ambao hawakumuua mtu wala hawakumsaidia adui, kilitushtua hata sisi tuliozoea ukali. Walikata rufaa katika Mahakama Kuu, na ni hapo ndipo askari wengi walipojua kwa mara ya kwanza kwamba rufaa ya namna hiyo ipo. Miaka yote niliyokuwa kazini hakuna mtu aliyenifundisha jambo hilo. Tulifundishwa makosa na adhabu zake kwa moyo, kama watoto wa chuo wanavyohifadhi, na haki zetu tukaachiwa tuzigundue wenyewe.

Binti Kiunga amejibu:

Nimewasoma nyote kwa makini, nawashukuru Wakili na mzee wetu Baharia. Mmezungumza juu ya mshtakiwa, awe raia au askari. Naomba kumzungumzia mlalamishi.

Kwetu kaskazini, mtu akiumizwa na askari, jambo la kwanza ni kwenda lango la kambi. Ndugu yangu wa karibu alifanya hivyo baada ya kupigwa njiani akitoka shambani. Alipokewa kwa adabu, jina lake likaandikwa kwenye daftari, akaambiwa arudi. Aliporudi aliambiwa kwamba kikosi kile kimebadilishwa na askari wenyewe wamekwisha kuhamishwa. Hakuna aliyemkatalia haki yake. Ilikosekana tu mahali pa kushikika. Sitasema ni kambi gani, kwa kuwa nia yangu si kumshtaki mtu humu.

Hata kama askari yule angepelekwa mahakama ya kijeshi, sisi tungejuaje? Vikao huwa Mombasa, Nakuru au Nairobi, ndani ya kambi, na mlalamishi wa Kiunga, Mkokoni au Ishakani anayelazimika kwanza kupata boti hadi Amu, kisha gari hadi kufika huko, si rahisi ahudhurie hata akiitwa kwa barua. Nimesoma juu ya jambo lililofanyika Kongo ambalo ningependa Wakili alieleze zaidi: mwaka 2011, baada ya askari kuwabaka wanawake huko Fizi, Kivu Kusini, mahakama tembezi ya kijeshi ilipelekwa Baraka, karibu na walipo waathiriwa, wanawake wakatoa ushahidi wao, na Luteni Kanali Kibibi Mutware akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Ikiwa Kongo, pamoja na vita vyake na barabara zake, iliweza kumpelekea mwanamke wa kijijini mahakama, kwa nini sisi tuambiwe kwamba Lamu ni mbali?

Na jambo hili si la wanajeshi wetu peke yao. Agnes Wanjiru aliuawa Nanyuki mwaka 2012, hakimu aliyefanya uchunguzi wa kifo chake alihitimisha mwaka 2019 kwamba alikufa mikononi mwa wanajeshi wa Uingereza, na hati ya kumkamata mshukiwa ilitolewa na Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka 2025. Huko ni Nanyuki, kwenye lami na magazeti. Manda nasi tunao wageni wenye silaha.

Wakili wa Malindi amejibu:

Bi Binti Kiunga, umelileta jambo ambalo lingenipita. Nitajaribu kulijibu kwa vitendo kwanza.

Askari akimdhuru raia, mlango wa kwanza usiwe lango la kambi. Uwe kituo cha polisi, ambapo malalamiko yaandikwe na mlalamishi apewe nambari ya OB (daftari la matukio la kituo), kisha ajaziwe fomu ya P3 (fomu ya polisi ya kueleza majeraha) hospitalini kama ameumizwa mwili. Sababu yake ni ya kisheria. Mamlaka ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma yanazuiwa mlangoni mwa mahakama ya kijeshi tu. Katika mahakama ya kawaida anaweza kumshtaki mtu yeyote, aliyevaa sare na asiyevaa. Lakini Kifungu cha 50 kinakataza mtu kushtakiwa tena kwa tendo ambalo amekwisha kuhukumiwa au kuachiliwa kwalo. Kwa hiyo suala likimalizwa kwanza ndani ya jeshi kama kosa la nidhamu, mshtakiwa anaweza kuja baadaye akasema kwamba amekwisha kujibu. Anayetangulia kulishika faili ana nguvu kubwa, na ndiyo sababu daftari la langoni halitoshi.

Watu wengi huniletea malalamiko ya namna hii wakidhani kwamba mamlaka huru ya kuwasimamia polisi itawasaidia. Sheria yake ya mwaka 2011 inahusu polisi peke yao, jeshi halimo. Hakuna chombo kinachofanana nayo kwa upande wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya (KDF). Kuna Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ambayo inaweza kuchunguza na kupendekeza, na kuna Mahakama Kuu hapa Malindi. Kifungu cha 22 cha Katiba kinasema kwamba kufungua kesi ya kutetea haki za kimsingi hakutozwi ada, na kwamba mahakama inaweza kukubali hata maandishi yasiyofuata utaratibu rasmi inapobidi. Barua iliyoandikwa kwa mkono kutoka Kiunga inaweza kuwa mwanzo wa kesi. Nimeona watu wakishangaa kulisikia hilo, ilhali ni Katiba yao.

Kuhusu Kongo, mfano wa Baraka ni wa kweli, na mahakama tembezi ni wazo ambalo hakuna Katiba inayotuzuia kuliiga. Ila ninakuomba uuchukue kwa tahadhari. Mfumo huohuo wa mahakama za kijeshi ndio ambao tarehe 30 Septemba 2025 ulimhukumu kifo Joseph Kabila, rais wa zamani, bila yeye kuwepo mahakamani. Mahakama inayoweza kumfikia kanali kwa niaba ya wanawake wa kijijini, halafu ikatumika pia dhidi ya mpinzani wa serikali, inaonyesha kwamba kusogea karibu na wananchi ni jambo moja na kuwa huru ni jambo jingine, na sisi tunavihitaji vyote viwili.

Mzee Baharia, kuhusu kamanda, nadhani tunatofautiana kidogo kuliko inavyoonekana. Siombi kamanda apokonywe mamlaka juu ya lindo, likizo na utiifu. Ninasema juu ya makosa mazito: mauaji, ubakaji, mateso. Hao Wamarekani walioko Manda, ambao jeshi lao linapigana katika bahari zote, wamekwisha kupita hapo. Baada ya mabishano ya miaka mingi katika Bunge lao, na hasa baada ya askari Vanessa Guillén kuuawa na askari mwenzake kambini Texas mwaka 2020, sheria ilipitishwa Desemba 2021, na tangu tarehe 28 Desemba 2023 uamuzi wa kushtaki makosa ya namna hiyo uko mikononi mwa waendesha mashtaka maalumu walio nje ya mnyororo wa amri wa kikosi. Makamanda wao walitabiri kwamba nidhamu ingeporomoka. Meli zao bado zinatii amri.

Mwana wa Langoni amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimewasomea wazee majibu haya baada ya sala ya alasiri, na hoja iliyowanyamazisha ni ile ya mwenyekiti anayeteuliwa kwa mwaka mmoja. Mmoja wao alisema kwamba hata msikiti hauendeshwi hivyo. Aliyebaki na msimamo wake alisema jambo ambalo sina budi kulileta: kwamba yote haya hayajibu kero yake, yaani kesi za mauaji ya bara yetu kwenda polepole. Je, kuna njia ya kuharakisha bila kuwaingiza wanajeshi? Na tukitaka hilo pengo la mwendesha mashtaka lizibwe, raia wa Amu anaanzia wapi?

Wakili wa Malindi amejibu:

Kero ya mzee ni ya haki, na haipaswi kupuuzwa kwa sababu tu dawa aliyoipendekeza haifai. Tayari tunayo mahakama ya Kahawa, kando ya gereza la Kamiti, iliyowekwa mahususi kwa kesi za ugaidi na makosa mengine mazito, nayo inaongozwa na mahakimu wa kawaida. Udhaifu mkubwa wa kesi hizi haukuwa katika mavazi ya hakimu. Ulikuwa katika upelelezi na katika ulinzi wa mashahidi, na shahidi wa Hindi anayeogopa kusema mbele ya hakimu ataogopa vilevile mbele ya kanali. Kanali hana dawa ya kuufanya ushahidi usiokuwepo uwepo. Anachoweza ni kuhukumu bila huo ushahidi.

Kwa swali lako la mwisho, Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliandikia Bunge ombi la kutunga, kurekebisha au kufuta sheria yoyote. Si lazima upitie kwa mbunge. Kwa upande wa sheria ya jeshi, ombi linaweza kudai kwamba Mkurugenzi wa Mashtaka ya Kijeshi ateuliwe kwa ushindani na kwa kipindi kisichoongezwa, kwamba mlalamishi raia ajulishwe kwa maandishi tarehe ya kikao na matokeo yake, na kwamba kikao kinachohusu raia wa Lamu kiketi Lamu. Kumpa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma mamlaka ndani ya mahakama ya kijeshi kungehitaji kubadilisha Katiba yenyewe, kwa hiyo nisingeanzia hapo. Niko tayari kuiandaa rasimu bila malipo.

Binti Kiunga amejibu:

Wakili, ongeza kwamba kila kambi iwe na daftari la malalamiko ambalo nakala yake hupelekwa kituo cha polisi kila mwezi, ili kikosi kikibadilishwa malalamiko yasiondoke nacho. Saini za Kiunga na Ishakani nitazikusanya mimi, nizishushe Amu kwa boti.

Baharia Mstaafu amejibu:

Nami nitatia saini, na ninao wenzangu wastaafu wa Mokowe na Mpeketoni watakaotia pia, kwa sharti kwamba rasimu iwe na aya moja juu ya askari wa cheo cha chini anayesimama mbele ya kamanda wake peke yake: apewe mtu wa kumsemea, na aelezwe kwa Kiswahili haki yake ya kukata rufaa kabla hajatia saini karatasi yoyote. Kuhusu waendesha mashtaka walio nje ya mnyororo wa amri, Wakili, hapo bado hujanishawishi. Iandike aya hiyo katika ukurasa wa mwisho, na mimi nitaandika kando yake kwamba Baharia haikubali.